Kakakuona wa Taifa na Jukwaa la Mninga

Alhamisi, tarehe 6 Novemba, mwaka wa kumi na mbili wa Neema. Asubuhi hiyo mvua ya rasharasha ilianza saa kumi na moja alfajiri, na ilipofika saa moja ilikuwa bado inanyesha. Lakini Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza jua tangu juma lililopita, kwa barua yenye muhuri, kwa hiyo watu wa mji mkuu walitoka majumbani bila miamvuli. Waliojisahau wakatoka nayo waliikunja kila walipomwona polisi. Hakuna aliyetaka kuonekana anabishana na Idara.

Mzee Gwakisa alikuwa ameketi nyuma ya Uwanja wa Shukrani, chini ya kibanda cha kuwekea mafagio, amempakata mnyama. Mnyama huyo alikuwa kakakuona, wa mwisho aliyejulikana katika nchi nzima. Katika maandishi ya serikali aliitwa Mheshimiwa Mnyama wa Taifa. Mzee Gwakisa, aliyemtunza kwa miaka kumi na mmoja, alimwita Mgeni, na asubuhi ile alikuwa akimwona anakufa. Mgeni hakuwa ametia kitu mdomoni kwa siku kumi na tisa. Magamba yake yalikuwa yamepauka kama kucha za maiti, na ulimi wake mrefu ulitoka na kurudi mtupu.

Mfukoni mwa koti la mzee mlikuwa na karatasi ya ruhusa ya kumrudisha Mgeni porini alikotoka. Karatasi ilitakiwa kuwa na mihuri saba. Ilikuwa na sita.

"Ee Bwana," mzee akasema kwa sauti ya chini, "wewe ulimuumba huyu, na magamba yake unajua idadi yake. Mimi nakuomba muhuri mmoja tu."

*

Ili msomaji asipotee, inafaa aelezwe jinsi nchi ile ilivyowapenda wanyama. Iliwapenda sana. Zamani ilikuwa na mapori mengi, na palipo na mapori mengi wezi wa miti nao huwa wengi. Serikali ikaona uchungu. Ikaunda Wizara ya Ulinzi wa Mapori, na wizara hiyo katika mwaka wake wa kwanza ikakata miti yote ya mapori manne makubwa, ili wezi wakija wasiikute. Wanyama waliobaki bila makao wakaletwa mji mkuu, katika Bustani ya Taifa ya Wanyama Adimu, ambako raia yeyote angeweza kuja kuwaona kwa macho yake mwenyewe, mradi awe na barua ya balozi wa mtaa, picha mbili, na sababu.

Wanyama hao walihesabiwa kuwa watumishi wa umma, kwa hiyo walifuata kanuni za utumishi. Jambo hili watazamaji wengi hawakulielewa upesi. Siku moja alikuja bibi mmoja aitwaye Nkundwe. Alikuwa amesafiri siku tatu kutoka mpakani, akitaka kumwona simba kabla mtoto wa jicho hajamfunga macho yote mawili. Akasimama mbele ya banda, akatazama, kisha akamgeukia askari wa zamu.

"Mwanangu, simba yuko wapi?"

"Yuko likizo, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Likizo gani hiyo ya miaka miwili?"

"Alilimbikiza, bibi. Simba alikuwa mchapakazi."

"Na tembo?"

"Yuko masomoni."

"Tembo anasomea nini?"

"Hiyo ni siri ya mwajiri. Twiga alistaafu kwa hiari, na kiboko amehamishiwa mkoani. Lakini usihuzunike, bibi yangu. Faili zao zipo."

Akaletewa faili la simba. Kwa kusema haki, lilikuwa faili zuri. Lilionyesha tarehe ya kuajiriwa, kabila, onyo moja la kunguruma saa za kazi, na picha ndogo ya pasipoti. Bi Nkundwe akaisogeza picha karibu na jicho lake lililosalia, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ana sura ya mtu aliyechoka," akasema. Kisha akatia sahihi katika kitabu kwamba amemwona simba, maana pasipo sahihi lango la kutokea halikufunguliwa.

Mgeni peke yake ndiye aliyekuwapo kazini kila siku. Watu walisema ni kwa sababu hakujua haki zake.

*

Mgeni alitoka kilima cha Lwifwa, mwendo wa nusu siku kwa gari. Huko ndiko kwao Mzee Gwakisa pia. Watu wa Lwifwa ni wakulima wa mtama, na wana desturi yao juu ya kakakuona. Akijitokeza kwa mtu, mtu huyo humbeba kwenye mkeka mpya mpaka uwanjani. Wazee huweka mbele yake vitu vitatu: mtama katika ungo, maji katika kibuyu, na mkuki. Kile atakachokiendea ndicho mwaka utakacholeta, yaani mavuno, mvua, au vita. Watu wakishaona, yule aliyemleta humrudisha mahali pale pale alipomkuta, kabla jua halijazama. Humweka chini na kumwambia, "Nenda, tumesikia." Asiporudishwa, neno lake huhesabiwa kuwa limeibwa, na aliyemleta hana amani mpaka arekebishe.

Gwakisa alimkuta asubuhi moja akienda shamba. Mnyama alikuwa akitembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama shemasi anayeelekea madhabahuni. Gwakisa, ambaye ni mtu wa sala, alivua kofia kabla hajajua kwa nini. Akambeba. Uwanjani mnyama akakiendea kibuyu, watu wakafurahi kwamba mvua ipo. Saa tisa alasiri, Gwakisa akiwa njiani kumrudisha, gari la Mkuu wa Wilaya likasimama mbele yake.

"Mzee, huyo tunamwazima kidogo," Mkuu wa Wilaya akasema. "Taifa nalo lina maswali yake."

"Mheshimiwa, jua linakaribia kuzama."

"Litazama tu, uwe naye au usiwe naye."

Gwakisa hakuuachia mkeka. Askari wake walivuta huku, yeye akavuta kule, mwishowe wakamtupa garini pamoja na mkeka wake. Na kwa kuwa serikali haikuwa na fungu la kumrudisha mtu nyumbani, wakaona ni nafuu kumwajiri. Njiani alimwinamia mnyama akamwambia, "Nitakurudisha." Waliosikia ahadi hiyo ni Mungu na dereva, na dereva alihamishwa mwezi uliofuata.

Tangu hapo Gwakisa hakufika tena Lwifwa. Likizo zake zote kumi na moja zilikuwa zimepewa simba. Barua za nyumbani zilimfikia zikiwa zimefunguliwa, na mahali pengine mistari mizima ilikuwa imepakwa wino mweusi. Yeye alidhani ni unyevu wa posta.

*

Mtukufu Rais aliipenda desturi ya Lwifwa, akaifanya ya nchi nzima. Ikawekwa Siku ya Usomaji wa Taifa, ambapo mnyama angelisomea taifa mwaka ujao, na chini yake ikawekwa Kamati ya Vitu.

Mwaka wa kwanza vitu vilikuwa vitatu kama kule kilimani. Mwaka wa pili mkuki uliondolewa, kwa kuwa kuulizia habari za vita ni uchochezi. Mwaka wa tatu Wizara ya Maji ililalamika kwamba kibuyu kinawakumbusha wananchi maji, kikaondolewa. Mwaka wa nne mtama uliondolewa kwa sababu ulitafutwa haukupatikana. Pengo likajazwa na picha ya Mtukufu. Lakini picha moja ingekuwa sawa na kumlazimisha mnyama, na nchi ile ilichukia kulazimisha. Zikawekwa tatu: Mtukufu amesimama, Mtukufu ameketi, na Mtukufu anapokea maua. Magazeti yaliandika kwamba ushindani ulikuwa mkali.

Tatizo lilikuwa Mgeni mwenyewe. Mwaka ule wa nne alipowekwa mbele ya picha alijikunja kama mpira akalala kwa saa nne, taifa zima likisubiri kwenye redio. Mkurugenzi wa Bustani alikuwa Bwana Sanane, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni ambazo tatu zimeisha wino. Saa nne zile zilimzeesha. Siku ya pili alimwita Gwakisa ofisini.

"Mnyama huyu anapenda nini?"

"Mchwa, Mkurugenzi."

"Nje ya mchwa?"

"Hakuna nje ya mchwa."

Basi tangu mwaka wa tano Kamati ilichagua picha moja kwa kura ya siri. Gwakisa alisaga mchwa kwa maji kidogo, akapaka ule ujiuji nyuma ya fremu. Mgeni alikwenda moja kwa moja. Mwaka mmoja alimchagua Mtukufu aliyeketi, mwaka mwingine aliyesimama, na wataalamu walialikwa redioni kueleza tofauti. Kila mwaka, akishanawa mikono, Gwakisa alipiga magoti bandani akasema, "Bwana, unajua." Hakuongeza neno. Aliona akiongeza atakuwa anajitetea.

*

Mwezi wa saba wa mwaka wa kumi na mbili Mtukufu alitangaza kwamba mchwa wameisha nchini. Ili tangazo lisiwe la uongo, mji mkuu ulinyunyiziwa dawa, na Bustani ilinyunyiziwa mara mbili kwa sababu iko karibu na barabara ya wageni wa heshima. Vichuguu vikanyamaza. Gwakisa akawa anatoka kila asubuhi na kopo kutafuta mchwa pembeni mwa mji, na kila siku alikwenda mbali zaidi na kurudi na wachache zaidi. Mwisho alirudi na kopo tupu.

"Baba Atupele," mkewe Bi Subilaga, aliyemfuata mjini alipoajiriwa, alimwambia akimmiminia chai, "huyo mnyama akifa, utaambiwa ni wewe uliyemla."

"Nitaomba ruhusa nimrudishe."

"Utaomba kwa nani?"

"Kwa Mungu kwanza, Mama Atupele."

"Mungu hana shida. Hao wa pili ndio wenye saa za ofisi."

Mzee akaenda kwa Bwana Sanane. Mkurugenzi alisikiliza huku akijaribu kalamu moja baada ya nyingine.

"Mnyama wa Taifa harudishwi, Mzee. Huhamishwa. Na uhamisho una mihuri saba."

Mihuri mitano ilimchukua majuma mawili. Wa sita ulikuwa wa Ofisi ya Mapori, ambayo kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba mahali anapokwenda mnyama ni pori kweli. Karani, dada mmoja mpole, alifungua daftari kubwa akateremsha kidole.

"Lwifwa. Hii hapa. Pori la daraja la kwanza. Kilima kimoja, miti isiyohesabika, vichuguu mia mbili na arobaini."

Mzee akalisogelea daftari. "Mia mbili na arobaini. Na mlikwenda kuangalia lini, mwanangu?"

"Baba, tukianza kwenda kuangalia, daftari litachafuka." Akagonga muhuri kwa heshima zote.

Muhuri wa saba ulikuwa wa Mtukufu mwenyewe, na njia ya kumfikia ilipita kwa Waziri Mahimbo, Waziri wa Ulinzi wa Mapori. Waziri alikuwa mnene na mchangamfu, na aliwaita watu wote "ndugu yangu" ili asihangaike na majina.

"Ndugu yangu, nimekuelewa," akasema. "Mnyama akisoma vizuri Siku ya Usomaji, Mtukufu atafurahi, na akifurahi hugonga muhuri hapo hapo. Mwaka huu Kamati imependa picha ya maua. Fanya mambo yako."

"Mheshimiwa, mchwa wa kupaka wameisha."

"Ndiyo, tulitangaza," Waziri akasema, akampa mkono wa kwaheri.

*

Jumatano, siku moja kabla ya sherehe, Gwakisa aliuzunguka mji mzima na kopo lake. Alipiga goti kila penye ufa. Saa kumi jioni alikata tamaa, akaingia Uwanja wa Shukrani kupumzika. Mafundi walikuwa wanamalizia kupaka rangi jukwaa jipya. Jukwaa lile lilikuwa limesifiwa magazetini kwa mwezi mzima: mninga mtupu, mbao za unene wa kiganja, litakalodumu miaka mia. Mzee akaliegemea. Halafu, kwa kuwa alikuwa mkulima kabla hajawa mtumishi, akaligonga kwa kidole. Likaitika kama ngoma.

Akainama akachungulia chini. Zilikuwa mbao laini za kutengenezea masanduku ya nyanya, zilizopakwa rangi ya mninga. Na ndani yake, kutoka nguzo hadi nguzo, kulikuwa na mchwa. Walikuwa maelfu kwa maelfu, wanakula kwa bidii kama watu waliosikia kwamba chakula kitafungwa.

"Ahsante, Bwana," mzee akasema. Akajaza kopo. Ndipo akawaza juu ya watu watakaosimama pale kesho, nao wana wake na watoto. Akaenda mbio ofisini kwa Bwana Sanane.

"Mkurugenzi, jukwaa limeliwa."

"Limeliwa na nani?"

"Mchwa."

"Mchwa waliisha mwezi wa saba."

"Hawa hawakupata taarifa."

"Lile ni mninga, Mzee. Mninga hauliwi. Na wewe umeshika nini?"

Gwakisa akamwaga mchwa kidogo kiganjani, akamwonyesha. Bwana Sanane aliwatazama wakitambaa mpaka kwenye kifundo cha mkono wa mzee. Kisha akainua macho akatazama dari.

"Sioni kitu," akasema taratibu. "Naona mzee mwenye kiganja kitupu na maneno mengi. Kapake picha, tafadhali. Nina watoto."

*

Sasa turudi asubuhi ile ya Alhamisi, kwenye mvua ambayo haikuwapo.

Gwakisa alikuwa amekwisha kuipaka picha ya maua, na hakumpa Mgeni hata mchwa mmoja, maana mnyama aliyeshiba hatembei. Jambo hilo lilimuuma. Kila dakika alitazama maji yakiteremka kwenye fremu, yakichuruzika mpaka kwenye zulia jekundu. Bwana Sanane alipopita, suti imemganda mwilini, mzee alimshika mkono.

"Mkurugenzi, naomba turubai la kufunika picha. Mvua inaosha kila kitu."

"Mvua ipi?" Bwana Sanane akauliza. Tone lilikuwa linaning'inia kwenye ncha ya pua yake. Alisubiri lidondoke lenyewe, maana kulifuta kungekuwa kukiri.

Saa nne Mtukufu alipanda jukwaani na mawaziri kumi na wawili. Mbao zililia kidogo, bendi ikapiga kwa nguvu zaidi. Waziri Mahimbo akashika kipaza sauti.

"Mtukufu Rais, ndugu wananchi, chini ya jua hili zuri!" akaanza, na watu elfu ishirini waliolowa wakapiga makofi. "Mataifa mengine yana wanyama wengi wasio na msimamo. Sisi tuna mmoja, lakini anajua anakokwenda. Wapo wanaosema mapori yetu yameisha. Nawauliza, mapori yangekuwa yameisha, wizara yangu ingekuwa inalinda nini?"

Hoja hiyo ilipigiwa makofi dakika tano. Kisha Gwakisa akaitwa. Akaja na mkeka, akamweka Mgeni mwanzo wa zulia, akarudi nyuma hatua saba kama kanuni inavyosema.

Mgeni alikaa amejikunja kwa muda. Halafu pua ikatoka. Akanyanyuka kwa miguu ya nyuma, akatetemeka, akaikunja mikono kifuani. Akaenda hatua tatu kuelekea picha ya maua, akanusa fremu iliyooshwa, akaiacha. Akaipita ya kuketi. Akaipita ya kusimama. Akaendelea na zulia mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayefuata harufu ya jikoni kwao, na alipofika kwenye jukwaa akaweka kucha zake kwenye nguzo ya mbele, akaanza kuchimba.

Ilichukua kama muda wa kusema Baba Yetu, wala si kwa haraka. Nguzo ilitoa vumbi, ubao ukajikunja, na Mtukufu pamoja na mawaziri kumi na wawili wakashuka kwa mpigo mmoja mpaka kifuani, wamesimama wima vile vile, kofia zao bado zimekaa sawa.

Kisha sauti ya mtangazaji wa redio ikasikika, tulivu kabisa: "Na sasa Mtukufu ameshuka ili awe karibu zaidi na wananchi."

Hapo watu wa itifaki wakakumbuka kwamba hairuhusiwi mtu yeyote kuwa juu kuliko kichwa cha Mtukufu. Filimbi ikapigwa. Watu elfu ishirini wakachuchumaa matopeni, na bendi nayo ikachuchumaa na tarumbeta zake. Aliyebaki amesimama uwanja mzima ni Mgeni, katikati ya mbao zilizovunjika, ulimi wake unaingia na kutoka, unaingia na kutoka. Alikuwa anakula. Gwakisa, akiwa amechuchumaa, aliona koo lile jembamba likimeza, na machozi yakamtoka. Akasahau kuogopa.

"Mahimbo," Mtukufu akaita kutoka shimoni, "amechagua nini?"

Waziri Mahimbo alikuwa amezidi kuzama, haonekani ila kuanzia kidevu. Mchwa watatu walikuwa wanapanda shavu lake. Lakini cheo hakipewi mtu bure.

"Amekuchagua wewe mwenyewe, Mtukufu. Miaka yote alichagua picha. Leo ameacha picha akafuata mwili."

Mtukufu akatafakari, akaona ni kweli. Akacheka, na watu elfu ishirini wakacheka kwa kuchuchumaa. Waziri akamnong'oneza habari ya karatasi. Gwakisa akatambaa mpaka ukingoni mwa shimo, akaitoa mfukoni, akaikunjua kwenye ubao ambao bado ulikuwa mzima. Muhuri wa saba ukagongwa.

*

Ijumaa msafara wa magari kumi na manane uliondoka kwenda Lwifwa. Waziri Mahimbo alitaka kurudishwa kwa mnyama kusikike nchi nzima, kwa hiyo watu wa redio walikuwamo, pamoja na Bwana Sanane na karani wa Ofisi ya Mapori. Gwakisa na mkewe walikaa gari la mwisho, Mgeni yuko katikati yao juu ya mkeka mpya alioutafuta Bi Subilaga. Kopo la mchwa wa jukwaani lilikuwa miguuni pao. Mnyama alikuwa amepata nguvu kidogo, akitaka kujua kila kinachopita dirishani.

"Ukivuka mto tu, utakiona," mzee alimwambia Mgeni. "Kiko upande wa kulia. Kinaanza taratibu, halafu kinapanda."

Wakavuka mto. Mzee akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akadhani dereva amekosea njia.

Magari yakasimama ukingoni mwa shimo kubwa ambalo ng'ambo yake ilikuwa na mashine mbili za kusaga mawe, zimezimwa kwa heshima ya wageni. Chini hapakuwa na jani. Watu wa Lwifwa walikuwa wamepangwa kwa mstari tangu asubuhi, kila mmoja na bendera ya karatasi. Gwakisa akamtambua Kasebele, aliyekua naye, akamwendea na mkeka mikononi.

"Kasebele, ndugu yangu. Kilima kiko wapi?"

Kasebele akaishusha bendera yake. "Umekikalia wewe. Ule Uwanja wenu wa Shukrani na zile barabara za kokoto zimetoka wapi? Walianza kukisaga mwaka uleule ulipoondoka. Hukupata barua zangu?"

"Nilizipata," Gwakisa akasema. "Nilidhani ni unyevu."

Bi Subilaga akageuka akatazama upande mwingine.

Karani wa Ofisi ya Mapori alifungua daftari, akahesabu hatua, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo kitabuni palikuwa na kichuguu. Gwakisa akasukumwa mbele, akamweka Mgeni juu ya kokoto. Mnyama akainuka, akakunja mikono, akanusa. Akanusa tena. Kisha akajikunja kama mpira, akaficha uso. Makofi yakapigwa.

"Ndugu wananchi!" Waziri Mahimbo akatangaza. "Mnyama ametulia kwa sababu amefika nyumbani. Na kama kuna mwenye macho mabaya anayeona kwamba hapa pamepungua kilima, naahidi mbele yenu kwamba serikali itarudisha kilima hicho kabla ya Siku ya Usomaji ijayo, na kitakuwa kirefu zaidi. Sasa mzee wetu atamalizia kwa maneno ya jadi. Yapo mawili tu, Mzee. Taifa linasikiliza."

Akampa kipaza sauti. Gwakisa akakishika. Watu wa Lwifwa wakasubiri yale maneno, "Nenda, tumesikia," ambayo yalikuwa yamecheleweshwa miaka kumi na mmoja. Mzee akafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Akapiga magoti kwenye kokoto, akamwinua Mgeni, akamrudisha kwenye mkeka. Bi Subilaga akaja na kopo akasimama karibu naye. Bwana Sanane akaanza kutazama mbingu.

"Watu wa Lwifwa, mnanisikia," Gwakisa akasema, na sauti yake ikaenda kwenye redio zote za nchi. "Na wewe Waziri unanisikia, na Mungu ananisikia. Mgeni huyu nilimwahidi garini, kwa kunong'ona, kwamba nitamrudisha. Mahali pa kumrudishia nimepakanyaga kila siku nikienda kazini. Kwa hiyo leo naahidi kwa sauti, na ninyi ni mashahidi. Nitambeba kwa miguu yangu mpaka nifike penye kichuguu kilicho hai, hata kama ni ng'ambo ya mpaka, na hapo ndipo nitakapomwambia aende. Na kila nitakapopita, mtu akiniuliza kakakuona amekuwa akichagua nini miaka hii yote, nitamwambia alikuwa na njaa."